Mama Buriani na Ukurasa wa Mbele

"Usinitazame hivyo, Mama. Mimi bado nipo nipo kwanza!" mlinzi wa getini alimtania, kama ilivyo ada yake.

Mama Buriani alicheka shingo upande. Tangu usichana wake aliandika tanzia katika gazeti lile kubwa la jiji. Mtu akifa, yeye ndiye humpamba kwa maneno, kisha tanzia huzungushiwa mstari mweusi kwenye ukurasa wa marehemu. Mawaziri, wacheza mpira, wauza magazeti, wote walipitia mikononi mwake. Wenzake walijizuia hata kukohoa mbele yake.

Sasa bosi mpya alikuwa amemwita.

"Mama, niandikie historia ya gazeti letu, tangu lilipozaliwa. Nani analijua kama wewe?"

"Ya jubilei, bosi?"

"Wewe andika tu. Weka mazuri, mabaya tuachie sisi."

Hatimaye! Mara moja maishani angeandika habari za aliye hai. Na jubilei haiendi kwa marehemu, inakaa ukurasa wa mbele. Aliitaka nafasi hiyo hadi ikamuuma kifuani.

Akaandika kwa roho yake yote. Aliandika mtambo wa kwanza uliotema wino hadi kwenye vikombe vya chai. Aliandika walivyofungiwa na serikali, nakala zikauzwa kwa kificho sokoni, chini ya mafungu ya mchicha. Akamwandika marehemu mumewe, fundi mitambo, aliyeacha vidole ndani ya mashine ile na gazeti bado likatoka asubuhi. Hapo alilia, wala hakuona haya.

Nyuma yake vibarua walikuwa wakitoa meza.

"Kulikoni?"

"Wanapaka rangi, Mama."

Akasogeza kiti chake, akaendelea.

Alipomaliza, alikwenda kwa mpanga kurasa. Yule bwana humtania hata msibani, lakini leo hakuinua uso.

"Umeiweka mbele, kaka?"

"Mbele kuna tangazo, dada. Bosi kasema iende kwenye ukurasa wako."

"Wangu?" Mama Buriani alishika kiuno. Miaka yote ile, na bado wanamrudisha makaburini! "Kwani leo kafa nani?"

Mpanga kurasa akamgeuzia skrini. Historia yote ya gazeti ilikuwa imeshazungushiwa mstari mweusi.