Matairi ya Mwisho ya Haibridi

Kwa sheria mpya, kila gari la zamani liliruhusiwa seti moja tu ya mwisho ya matairi, na kila seti iliwekwa ipite njia moja tu ya kutoka mjini. Ukichepuka, magurudumu yanajifunga.

Tunu na mumewe Shomari walisimama dukani Morogoro, gari lao la haibridi likiwa juu ya jeki.

"Njia ipi, dada?" fundi aliuliza.

"Mang'ula," Tunu alisema. "Kwa mama. Mabasi ya huko yamekoma."

"Dar," Shomari alidakia. "Moyo wa Salha ukizidiwa ghafla tutasubiri usafiri? Daktari wake yuko Dar."

"Mama hainuki kitandani, Shomari."

Tunu alimtazama Salha, binti yao, aliyesinzia kwenye benchi, midomo ikiwa na weusi kidogo.

"Weka Dar," alisema.

Jioni mama yake alipiga simu. "Mmebadilisha matairi, mwanangu?"

"Tumebadilisha, mama."

"Basi Jumapili nawangoja. Jirani atanichinjia kuku."

Shomari aligeukia dirishani.

"Haya, mama," Tunu alisema. "Tutakuja."

Akakata simu, akatoka nje, akakaa kwenye usukani bila kuwasha gari.