Maneno Yake Mwenyewe

"Utasoma hii," meneja wa kiwanda alimwambia Mama Kipaza nyuma ya pazia la jukwaa. Karatasi ilidai kwamba fundi aliyesagwa na mashine mwezi uliopita alikuwa amelewa.

Ng'ambo ya pazia wafanyakazi walikuwa wameshakaa, mjane wa fundi akiwa mbele kabisa.

Mama Kipaza aliishi kwa kuzungumza mikutanoni, na hakupanda jukwaa lolote bila mkataba. Akautoa mkobani.

"Bosi, hapa umetia saini kwamba nitasema maneno yangu mwenyewe."

"Usinichezee, mama."

"Mimi sichezi. Nimeongea na mafundi wako."

Kofi likambamiza ukutani. Meneja akamkaba koo, akaukunjakunja mkataba na kuanza kumshindilia mdomoni.

"Haya, kula! Kula mkataba wako!"

Karatasi ikamkwaruza kaakaa, pumzi zikamwishia. Ndipo kidole cha meneja kilipoteleza katikati ya meno yake, naye akauma. Meneja alipiga yowe, Mama Kipaza hakuachia. Meneja alimtwanga ngumi ya jicho, mama hakuachia. Aliuma mpaka akasikia mfupa ukivunjika, ka!

Meneja akapiga magoti, ameukumbatia mkono.

Mama Kipaza akatema karatasi na damu, asijue ni ya nani. Akatoka hivyo hivyo, kidevu chekundu, hadi kwenye kipaza sauti.

"Mashine haikuwa na kinga," alisema. "Aliyeamuru kinga ing'olewe yuko nyuma ya pazia hili."

Mjane aliinuka, akavua viatu, akapanda ngazi. Alimpita Mama Kipaza bila kumtazama, akalifunua pazia.