Kasha Jekundu Mlangoni mwa Ghala

Wewe umewahi kuona mtu akibandua lebo ya disketi kwa mvuke wa chai? Paskazia aliweza. Alishika disketi mbali kidogo na mdomo wa birika, pembe ya karatasi ikajikunja yenyewe, akaivuta polepole kama anayemenya yai la moto. Haikuchanika hata kidogo. Akaibandika ukingoni mwa meza ingoje. Lebo zilikuwa adimu Mwanza miaka ile. Ziliandikwa kwa penseli ili zifutwe na kuandikwa tena.

Mwalimu Projest alimtazama, akacheka. "Mama Rebeka, wewe ungesomea ufundi saa."

"Kunywa chai yako, mwalimu. Mvuke wake nimeshakuibia."

Walikuwa ndani ya chumba cha ghala, kwenye kile chuo kikuu kichanga juu ya mawe ya Igogo. Usifikirie magunia. Ghala lenyewe lilikuwa ndani ya kompyuta moja ya kuazima. Wako watu huko duniani wanaotunga programu, za kuandikia, za kupigia hesabu, za kuchorea ramani, kisha wanasema: chukua bure, nakili, mpe na mwenzako. Projest alizivuta kwa waya wa simu, kipande kwa kipande. Simu ikikatika, anaanza upya. Miaka mitatu hiyo. Alitaka mwanafunzi wa Mwanza apate kila kitu pale pale, asimpigie mtu magoti.

Paskazia alikuwa mpiga chapa wa chuo, mjane wa makamo. Kila programu iliyoingia aliinakili kwenye disketi, akaandika lebo kwa ule mwandiko wake ulioinama, akaipanga kabatini.

Disketi mpya hazikununulika. Kwa hiyo Projest aliweka kasha jekundu mlangoni, akaandika ubavuni kwa kalamu nene: KILICHOINGIA HUMU NI CHA GHALA. Ofisi za pamba zilikuwa zinafungwa moja moja, wanunuzi binafsi wameingia, na disketi za zamani zimegeuka takataka. Watu wakazileta. Kila Jumatatu asubuhi Projest alilimwaga kasha mezani na kuzifuta zote, bila kutazama ndani kuna nini.

"Ukianza kusoma mambo ya watu hutamaliza," alisema.

Kosa lilitokea mara moja tu. Mwaka wa kwanza, Jumatatu moja ya mvua, Paskazia aliitwa haraka kwa mkuu wa chuo. Mikono ilikuwa imejaa, akaziweka disketi zake nne juu ya kasha. Zilikuwa za marehemu mumewe, Mayala, ambaye alizunguka vijiji vya Magu miaka sita akiwauliza wazee majina ya rangi za ng'ombe kwa Kisukuma. Alifikisha mia mbili na kumi na moja, na yote yalikuwa humo tu. Wale wazee nao walikuwa wameshazikwa karibu wote.

Aliporudi, Projest alikuwa anaichomoa ya nne kwenye kompyuta, imeshafutwa.

Projest hakuwa mtu mbaya. Alimwonyesha maandishi ya kwenye kasha, kisha, ili kumfariji, akamrudishia disketi moja. "Hii nimekuwekea programu ya kuandikia barua. Bure kabisa, mama."

"Sawa, mwalimu," alisema Paskazia, akaenda kuchemsha chai.

Hakulitaja tena. Tangu hapo hakukosa kazini hata siku moja, na Ijumaa alikuwa wa mwisho kufunga mlango. Kasha nalo halikuisha kujaa. Ijumaa Projest analiacha nusu, Jumatatu analikuta pomoni. Alijua ni mama yule anapita maofisini kumwombea disketi, akamsifu mbele ya wenzake.

Mwishoni mwa Oktoba 1998 mradi uliowaazimisha kompyuta ukaisha. Jumatano laini ya simu ikakatwa. Ijumaa dereva wa mradi, Ngosha, akaja kuchukua mashine, na sharti lilikuwa irudi tupu. Kompyuta mpya ya chuo ilikuwa mezani, nailoni haijatolewa, ikingoja kulishwa disketi za kabatini.

"Changamka, mwalimu," alisema Ngosha. "Kivuko cha Kamanga hakinisubiri. Nyie Wahaya hata kuagana na mashine lazima mhutubie."

"Nyie Wasukuma si mngeifunga kamba mkaiswaga?"

Paskazia akacheka pamoja nao.

"Mama Rebeka, ziko zote?"

"Mia tatu na ishirini, mwalimu. Hakuna hata moja isiyo na lebo."

Projest akaifuta ile kompyuta yote. Ngosha akaitia begani, akatelemka nayo kwenye mawe.

Kwenye ile mpya, disketi ya kwanza ilikuwa tupu. Projest aliipuliza vumbi, akairudisha. Tupu. Akaingiza ya pili. Akaingiza ya tatu. Akaanza kuchomoa katikati ya kabati, chini, nyuma, popote mkono ulipofika. Juu mwandiko mzuri ulioinama, ndani hakuna kitu. Alipofika ya arobaini, sakafu yote ilikuwa disketi.

"Nilikuona kwa macho yangu ukizinakili," alisema. "Nani amezifuta?"

"Wewe, mwalimu. Kila Jumatatu." Paskazia alikuwa anavaa koti. "Mimi nilibandua lebo tu, nikatia disketi kwenye kasha. Ukishafuta, nabandika lebo tena."

Akafunga vifungo, kimoja kimoja, mpaka cha shingoni.

"Siku ile ya mvua nilitaka uniulize tu: mama, hizi ni za nani?"