Kitufe cha Langoni

Uvumi uliletwa na mteja aliyekuja kupunguziwa sketi: eti baba mtoto amekata tiketi mbili za basi la kuvuka mpaka, moja ya mtu mzima, moja ya mtoto.

"Nimesikia tu," mteja alisema, akijitazama kiuno kwenye kioo. "Mimi usinitaje."

Mama mtu akajiambia ni maneno ya watu. Akakanyaga cherehani, mshono ukapinda. Akafumua, akashona upya, ukapinda tena.  Siku walipoachana, mwanamume yule alimwambia mbele ya ndugu zao: "Kaa naye. Ipo siku utamfuata shuleni ukute dawati tupu." Na hakuwa mtu wa mzaha.

"Sasa unatetemeka nini na dawa unayo mkononi?" akauliza fundi mwenzake wa meza ya pili. "Si mmewekewa mambo mapya kwenye simu? Mfungie lango huyo!"

Kweli. Juzi tu shule iliwaita wazazi, na dada wa kompyuta akasimama mbele yao amechangamka kama bibi harusi. Majina ya wote wanaoruhusiwa kuchukua watoto, alisema, yanakaa kwenye kanzidata, yaani ghala moja la taarifa. Simu ya mzazi inaliuliza ghala hilo, na simu ya mlinzi inaliuliza hilohilo. Yeye alikuwa amebadilisha kile kipande cha programu kinachobeba maagizo kati ya simu na ghala.

"Kile cha zamani kilikuwa kigonjwa," alisema. "Mtandao ukikatika, agizo lako linapotea. Hiki kipya kinalitunza ndani ya simu, na mtandao ukirudi kinalipeleka chenyewe. Hakipotezi hata moja."

"Na kikigoma?" mzazi mmoja akadakia.

"Kikigoma niiteni mimi mgomaji!"

Ukumbi mzima ukacheka.

Basi mama mtu akafuta chaki vidoleni, akafungua simu. Jina la baba mtoto lilikuwa na rangi ya kijani: ruksa. Nyekundu ndiyo marufuku. Pembeni palikuwa na kitufe kimoja, cha kuwasha na kuzima, kama swichi ya taa. Akabonyeza.

Kiduara kikazunguka, kikazunguka. Jina likabaki kijani. Chini pakaandikwa: Hakuna mtandao.

"Laana gani hii!" Akapanda juu ya kigoda karibu na dirisha, simu ameiinua kama mtu anayetungua embe. Kijani. Hasira zikampanda hadi masikio yakawaka moto. Wasomi wazima, na mashine zao, na hotuba zao, leo anawahitaji wamemwacha juu ya kigoda!

"Bonyeza kwa nguvu," mwenzake akamshauri. "Labda haikusikii."

"Atanisikia hata aliyeitengeneza!" Akabonyeza tena kwa dole gumba, kama anayeua chawa.

Kiduara kikazunguka, safari hii kikatoweka. Maandishi yakafunika kioo chote: Asante. Maagizo yako yote yametekelezwa.

"Haya, zimwi limekubali," akasema. Akasonya, akaitupa simu kwenye droo ya vifungo, akakalia cherehani yake. Mshono ukanyooka.

Alipofika shuleni, watoto walikuwa wakitoka wawiliwawili. Wake hakumwona. Akamfuata mlinzi.

"Baba yake amemchukua, mama. Mapema, kabla ya kengele."

"Nani kamruhusu?"

"Kijani, mama. Mimi natazama rangi tu."

"Nimemfungia mimi, kwa mkono wangu! Ulikuwa unasinzia, mzee?" Alimkunja shati mlinzi mpaka kifungo kikaruka. Mlinzi akamwonyesha simu yake, na kweli, jina lilikuwa kijani kama jani la mgomba.

Akaingia chumba cha kompyuta bila kubisha hodi.

"Wewe! Si ulisema hakipotezi agizo? Mwanangu yuko wapi?"

Dada wa kompyuta akapiga simu polisi kwanza. Kisha akaketi, akafungua yaliyofika kutoka kwa mama yule. Akasoma. Akarudia kusoma. Ule uchangamfu wote ukamtoka usoni.

"Keti, mama."

"Sikai! Kakupa nini yule mwanamume hata ukamfungulia?"

"Hajanipa kitu. Wala mimi sikumfungulia."

"Kumbe nani? Jini?"

 Dada akageuza kioo cha kompyuta. Mama mtu akainama, akasoma kwa kufuatisha kidole, neno kwa neno, kama alivyofundishwa darasa la pili. Kidole kikasimama. Ngumi aliyokuwa amekunja ikafunguka yenyewe.

Polisi walipofika mpakani, basi lilikuwa limeshavuka.

Asubuhi iliyofuata, wazazi waliowaleta watoto walikuta karatasi imebandikwa langoni, kwa mwandiko wa kalamu ya chaki ya kushonea:

Wazazi wenzangu, jiepusheni na haya.

Ukisikia uvumi juu ya mwanao, usikae kazini. Kimbia shuleni.

Usiiachie simu kazi ya mdomo. Mwambie mlinzi ana kwa ana.

Usiitupe simu kwenye droo kabla hujaiona rangi nyekundu kwa macho yako.

Mtandao ukikatika, usibonyeze tena kwa hasira. Nilipobonyeza mara ya kwanza nilimfungia baba mtu. Mara ya pili nilimfungulia.