Matone ya Gari la Mwalimu

Poda ilikuwa imeenea chini ya injini yote, nyeupe pe, na katikati yake ulipita mchirizi mmoja mweusi. Fundi, amelala chali chini ya gari, aliufuata kwa tochi mpaka kwenye bolti ya kumwagia oili. Ilikuwa imelegea nusu mzunguko.

Bolti hiyo aliikaza mwenyewe jana. Na juzi pia.

Siku tatu nzima gari hili lilikuwa linamtoa jasho la aibu. Siku ya kwanza alibadilisha gasketi ya juu, siku ya pili filta, na kila asubuhi akirudi anakuta dimbwi jipya uani. Oili haina adabu. Haijali kwamba mwenye gari ndiye aliyekufundisha hesabu, tena akakuchapa kwa ajili ya hesabu hizo. Mtaani walishaanza kumwita Fundi Majaribio. Ndiyo maana leo aliosha injini kwa dizeli, akaikausha, akaipaka poda, akaiwasha na kuiacha ingurume ili mwizi ajitaje mwenyewe.

Akajivuta kutoka chini ya gari. Mke wa Mwalimu alikuwa amesimama kwenye mlango wa jiko. Mikono ameiosha kwa sabuni, lakini kucha zilikuwa nyeusi kama za fundi.

"Mama," fundi alisema taratibu, "ni wewe?"

Mama alichungulia ndani kwanza. Mumewe alikuwa bado ananyoa ndevu.

"Ni mimi."

"Oili ikiisha injini inakufa, mama."

"Naijaza kila alfajiri kabla hajaamka. Chupa naificha chini ya sinki." Akasogea karibu, akashusha sauti. "Uiache ivuje, mwanangu. Kidogo tu. Tone moja moja linanitosha."

"Linakutosha kufanya nini?"

"Kumfuata."

Nusura fundi acheke. Miaka arobaini ya ndoa, kichwa kizima mvi, na bado bibi wa watu anajipenyeza chini ya gari na spana, kisha anazunguka mtaa kwa mtaa ameinamisha kichwa, anafuata matone ya oili ajue mume kaenda kwa nani. Kweli wivu hauzeeki.

"Na ukimfikia?"

"Namrudisha nyumbani. Nafanya kama nimepita hapo kwa bahati."

"Si umnyime ufunguo tu?"

"Ataniuliza kwa nini. Nitamjibu nini? Mtu ameongoza shule nzima yule. Sitaki majirani waanze kumsema."

"Mficha uchi hazai, mama. Mkalishe chini, mwambie unajua kila kitu."

Mama alifungua mdomo, akaufunga. Mwalimu alikuwa ametokea mlangoni, shati limepigwa pasi, viatu vinang'aa. Akaja moja kwa moja kumpa fundi mkono.

"Wewe ndiye fundi?"

"Ndimi, Mwalimu."

"Saba mara nane?"

"Hamsini na sita."

"Kumbe hukulala darasani." Mwalimu alicheka mpaka akafuta macho. Ulikuwa mzaha wa jana, na wa juzi, lakini wazee ndivyo walivyo, na fundi akacheka naye kwa heshima.

"Haya, umepaona panapovuja?"

"Nimepaona, Mwalimu."

Mama alimtazama fundi, akatikisa kichwa kidogo sana. Fundi alimwonea huruma, hilo tusimnyime. Lakini jina lake lilishachafuka vya kutosha, na isitoshe, mwanamume mzima kuchungwa kwa matone aliona si haki. Akarudi chini ya gari, akaifungua bolti ile, oili akaikinga kwa beseni, bolti akaipaka gundi ya chuma, akaikaza kwa nguvu zake zote, kisha akairudisha oili.

"Hii sasa," alisema akijifuta mikono, "hata mimi siifungui bila moto."

Mama aliegemea ukuta. Alipoona mumewe anaingia garini, akamfuata haraka na kushika mlango.

"Leo twende wote, baba."

"Naenda kununua gazeti tu. Kila siku unataka kunisindikiza kama mtoto wa chekechea."

Mwalimu akautoa mkono wa mkewe mlangoni, kwa upole, akaondoka. Fundi alitoka mpaka nje ya geti kukagua kazi yake. Barabara ilikuwa kavu, hakuna hata tone, na kwa mara ya kwanza wiki ile alijisikia fundi. Mama alimpita, akaenda mpaka pale njia zinapogawanyika. Alisimama hapo muda mrefu, anatazama chini, kulia, kushoto, tena chini.

Alasiri fundi alirudi kuchukua jeki aliyoisahau. Alimkuta mama ameketi kwenye kizingiti cha geti, viatu vimejaa vumbi mpaka kwenye vifundo vya miguu. Simu alikuwa ameikumbatia kifuani.

"Hajarudi?"

"Nimekwenda njia zote tatu," mama alisema. "Sijui nifanye nini tena, fundi. Sijui kabisa."

Fundi akachuchumaa kando yake, akajaribu kumpoza. "Atarudi, mama. Huko aliko njaa itamuuma tu."

Simu ikaita. Masikio ya mama hayasikii vizuri, hivyo akabonyeza kitufe cha sauti kubwa.

"Uko wapi, mume wangu?"

Sauti ya Mwalimu ikaja, safi, yenye adabu zake zote.

"Nadhani umenifananisha, dada. Samahani kwa usumbufu. Nimeikuta namba hii imeandikwa hapa kwenye usukani, nikafikiri pengine ni ya mtu anayejua ninakokaa."