Kifuniko cha Darubini

Tangu Mwalimu Mwanaidi arudi na darubini kutoka semina ya sayansi ya anga, ilikuwa ikifungiwa kabatini kwa mwalimu mkuu, ikitolewa siku za wageni tu. Leo wafadhili walikuja, na mwezi wa asubuhi ulikuwa bado mweupe juu ya paa la madarasa.

Mwanaidi aliponyoosha mkono kuondoa kifuniko cha lenzi, mkuu alimnong'oneza, "Kiache, mwalimu. Vumbi likiingia utajibu wewe. Hawa wanataka picha tu."

Akakiacha.

Watoto wakachungulia giza lile mmoja mmoja, wakasema kama Mwanaidi alivyowakaririsha jana: "Naona mashimo ya mwezi." Wageni wakapiga makofi.

Ikafika zamu ya Tausi, aliyefundishwa mwaka mzima kwamba mwanasayansi husema alichokiona tu. Aliinama muda mrefu kuliko wote. Mwanaidi akaomba moyoni aseme kweli, kisha akaomba asiseme.

Mtoto akainua kichwa, akamtazama mwalimu wake, si wageni.

"Naona mashimo ya mwezi," akasema, kwa sauti ileile anayosomea ubaoni.

Makofi yakalia. Juu ya paa mwezi ulikuwa palepale, na hakuna aliyeinua macho.