Maji ya Kumuaga Daktari

Kwa heshima na taadhima, nilitangaza kimoyomoyo kwamba hospitali ya mji wetu wa Gafsa haitapoteza daktari mwingine. Mwokozi wake ni mimi, niliyefeli baiolojia mara mbili.

Daktari Wijden, ambaye Mama alimfundisha upasuaji wa uzazi, alikuwa amekuja kuaga, anahamia Ujerumani. Teksi ilinguruma nje. Mama alishika birika la maji, ayamwage nyuma ya msafiri ili arudi salama.

"Nimewamwagia wote niliowafundisha," alisema. "Nimelowesha mtaa mzima, na Ujerumani haijanirudishia hata mmoja! Sasa nani atanipokea zamu?"

"Usinilize, Mama Daktari. Hata glavu tunajinunulia wenyewe."

Wijden akapekua mkoba wake, kisha akaumwaga wote sakafuni. Pasipoti haikuwemo.

Mama akaweka birika chini, akanigeukia. Nilikuwa nimekaa kwenye kochi kwa uangalifu wa mgonjwa wa bawasiri.

"Inuka."

"Mama, miguu imekufa ganzi."

"Inuka, nimesema!"

Nikainuka. Pasipoti niliyoikalia ilikuwa imepata joto.

"Ni mimi, Mama," nikasema. "Nilitaka na wewe siku moja ulale nyumbani."